Sindano Ambayo Hukuninunulia

Baba Mireille,

Jumamosi ya harusi ya mtoto wetu ulichukua mikrofoni ambayo hakuna mtu aliyekupa. Ulisimama katikati ya ukumbi na koti lako la kuazima, mikono ya koti imekufunika mpaka kwenye vidole, ukawaambia wageni walitazame vizuri shela la bibi harusi. Ukasema limetoka kwenye mikono ya mama yake. Hapo ulisema kweli. Kisha ukaendelea, maana kweli peke yake haijawahi kukutosha: "Na miye njo nilimununulia sindano ya kwanza. Bila miye, huyu mama hangeyua hata kuingiza uzi!"

Watu wakapiga makofi. Dada yako akafuta machozi. Mimi nilikuwa meza ya mbele, kipande cha kuku kimenikwama mdomoni, nikatabasamu. Siku ile haikuwa yangu, wala haikuwa yako.

Lakini tangu Jumamosi ile sipiti njia yoyote ya Kampemba bila kusimamishwa. "Mama Mireille, kumbe ulikuwa na bwana wa namna ile!" Mama anayeniuzia nyuzi, ambaye ananijua miaka yote hii, ameniuliza kwa nini niliachana na mwanamume aliyenithamini hivyo. Nimechoka kutabasamu. Uongo wako uliusema mbele ya watu, na mimi nakujibu mbele ya watu. Barua hii naiacha wazi. Anayetaka kusoma asome.

Tuanze na hiyo sindano.

Mireille alizaliwa kabla ya wakati wake, ilikuwa Juni, baridi ya Lubumbashi imeingia mpaka ndani ya mifupa. Unakumbuka alivyokuwa. Kichwa chake kilikuwa kama chungwa. Jirani yetu Mama Georgette alikuja kutuona pale hospitali, akatoa kwenye mfuko wake kijiti cha chuma chenye ndoano kwenye ncha. Kilikuwa spoki ya baiskeli. Marehemu mume wake, fundi wa reli, alikuwa amemsugulia kwa tupa mpaka ikawa sindano ya kroshe, laini kuliko zile za dukani. "Shika," aliniambia. "Mutoto mudogo hivi anapotezaka joto ku kichwa. Tutamufanyia kofia sasa hivi." Akanionyesha kitanzi cha kwanza, nikakikosea. Cha pili nikakikosea. Cha tatu kikashika. Sindano yangu ya kwanza ndiyo hiyo, na ninayo mpaka leo. Wewe hukununua hata uzi. Uzi Mama Georgette aliufumua kwenye sweta lake mwenyewe.

Nitakutendea haki kidogo, kwa sababu mimi si wewe. Siku ile ulikuwepo. Mama Georgette alikuvisha uzi ule kwenye mikono miwili, ukakaa umeinyosha mbele kama mtu anayesubiri kufungwa pingu, naye akawa anauzungusha kuwa donge. Ulikaa hivyo saa nzima ya wageni. Hukucheka, hukuuliza kitu. Mara moja tu ulininong'oneza kwamba mikono inauma, lakini hukuishusha. Nimejaribu mara nyingi kuitoa siku hiyo kichwani ili dharau yangu ibaki safi. Haitoki. Basi ikae. Ni siku moja.

Sasa nikukumbushe nyingine.

Kitambaa changu cha kwanza cha meza kilinichukua miezi mitatu. Cheupe, cha duara, chenye mananasi manane ya uzi yanayokutana katikati. Nilikifua, nikakitia wanga, nikakitandaza juu ya meza ndogo ya sebule, nikakaa mbele yake kama mtu aliyepata mgeni wa heshima. Wakati ule wewe ulikuwa mtu wa kati wa vipuri vya magari, siku zote ulikuwa wiki moja tu kabla ya kuwa tajiri. Asubuhi moja mteja alikuwa na gari uani kwetu, nikasikia unaita, "Mama Mireille, leta kitambaa!" Kabla sijainuka ukaingia mwenyewe na viatu vyako. Nilipotoka nje nilikukuta unafuta kile kijiti cha kupimia oili. Mananasi yangu manne yalikuwa meusi.

Nililia. Na wewe, unakumbuka ulichosema?

"Sasa unalia nini? Iko muntu alikufa? Ile iko kamba tu, utafunga ingine."

Mteja alitazama chini. Yeye aliona aibu, wewe hukuona. Baadaye nilikisugua kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, nikabaki na kitambaa cha rangi ya chai. Jioni uliweka sahani juu yake, ukala, ukasifu mboga.

Nikadhani kosa ni la kroshe. Angalia ujinga wangu. Badala ya kukudharau wewe, niliidharau kazi yangu, nikaenda kutafuta kazi nyingine ya mikono ambayo labda utaipenda. Nikajifunza kufuma kwa sindano mbili, nikakufumia pulova ya baridi, ya kijivu, shingo ya kufunga. Uliivaa mara moja. Wenzako garajini waliuliza kama umeazima nguo ya mama yako, ukaja ukaitupa juu ya kitanda. Nikajifunza kufunga kamba mafundo, nikatengeneza kitu cha kuning'inizia chungu cha maua pale barazani. Ulikikata ukafungia bomba la moshi la gari la mtu. Nikaanza kwenda kwa mafundi cherehani wa sokoni kuomba mabaki ya vitenge, vikwembe vyetu, vile vipande vinavyoanguka chini ya mashine, nikiviunganisha kimoja kimoja kuwa blanketi. Hilo ulilipenda, ukalilalia, lakini nilikusikia kwa masikio yangu ukiwaambia marafiki zako langoni, "Huyu bibi yangu anaokotaka takataka ku soko, halafu ananilazaka mu takataka." Wakacheka. Na wewe ulicheka kwa pua, kama unavyocheka siku zote.

Nilianza kuficha. Hiyo ndiyo sehemu inayonifanya nijidharau na mimi. Nikisikia sauti ya pikipiki yako kwenye kona, kazi yangu naiingiza chini ya godoro, nachukua kisu na kitunguu, ili unikute nikiwa mwanamke mwenye shughuli ya maana. Mwanamke mzima, mwenye mtoto, anaficha sindano kama mtoto wa shule anayeficha sukari.

Ndipo nikafika kwenye kudarizi, na hapo nilikaa. Ukiwa na kitambaa kilichovutwa vizuri kwenye duara la mbao, hakuna kitu cha haraka tena duniani. Nilikuwa natafuta michoro kila mahali. Watu wanafikiri mawazo ya kushona yanatoka kwenye vitabu. Mimi sikuwa na kitabu. Nilichora chuma cha dirisha la kanisa. Nilichora mgongo wa mlima mweusi wa takataka za kiwanda cha shaba, na bomba lake refu la moshi, ambao kila mtoto wa Lubumbashi anaweza kuuchora amefumba macho. Nilichora msalaba wa shaba, ule wa zamani wenye mikono minene, ambao mababu walitumia kama fedha. Mwezi wa kumi, jacaranda zilipomwaga maua barabarani, nilikuwa naokota yale ambayo hayajakanyagwa, nayachora nyumbani kwenye daftari la hesabu la Mireille, kila mraba mmoja ni mshono mmoja. Siku moja ulilifungua daftari hilo ukitafuta karatasi ya kuandikia namba ya simu. Ulipindua kurasa tatu, ukasema, "Hata mutoto wa darasa ya kwanza anachoraka muzuri kupita weye," ukachana ukurasa ukaandikia hiyo namba.

Shuka lile ulilijua. Usiseme hukulijua. Nililidarizi mwaka mzima kwa ajili ya kitanda chetu: maua ya jacaranda yanazunguka pande zote nne, msalaba wa shaba kwenye kila pembe. Kila ua lina petali tano. Moja tu lina sita, kwenye pembe ya kushoto chini, kwa sababu siku hiyo Mireille alikuwa na homa, nilimshika kwa mkono mmoja nikashona kwa mwingine na hesabu ikanipotea. Sikulifumua. Nililipenda hivyo.

Tulilitandika mara mbili. Mara ya tatu nililianika kwenye kamba uani, wewe ukijitayarisha kwa safari yako ya Kilwa ya ziwa Mweru, ile biashara yako mpya ya samaki ambayo hatukuwahi kuona samaki wake. Uliondoka adhuhuri. Nilipotoka kuanua nguo, kamba ilikuwa na kila kitu isipokuwa shuka.

Uliporudi baada ya wiki mbili, nilikueleza. Ulikaa kwenye kiti, ukafikiri, ukasema, "Nani anafuaka hapa?" Alikuwa Mama Ilunga, yule aliyekuja Jumanne na Ijumaa kunisaidia kufua, mjane, mwenye sauti ndogo. Tulimwita. Nilimuuliza mimi, mbele yako. Alilia. Aliapa kwa watoto wake wote, mmoja mmoja kwa jina. Mimi nikaanza kulegea, nikakutazama, nikitaka useme basi, yaishe. Wewe ulikuwa unachokonoa meno.

"Bezi njo vile banaliaka," ulisema. Eti wezi ndivyo wanavyolia.

Nikamfukuza. Mimi, kwa mdomo wangu. Mtaa mzima ukajua, na nyumba nyingine mbili alizokuwa anafua zikamwachisha. Na wewe uliyekuwa umelibeba shuka hilo kwenye mfuko wako mwenyewe mpaka kando ya ziwa Mweru, ulimtazama mjane anatoka langoni amefunika uso kwa kikwembe, ukaniomba maji ya kunywa.

Nimekutana na watu wabaya, Baba Mireille. Mtu mbaya ana uzito fulani, unaweza kumwogopa. Wewe sijui nikuweke wapi.

Miezi mingi ikapita. Siku moja asubuhi, Mireille yuko shuleni, mwanamke akabisha langoni. Mwanamke mnene kidogo, mweusi mzuri, viatu vimejaa vumbi la barabara ile ya Kilwa inayovunja malori. Alikuwa na mfuko wa plastiki kifuani kama amebeba mtoto.

"Hodi, mama. Minatafuta ule mama anashonaka maua," alisema. "Ku soko banasema iko kwako."

Nikamkaribisha barazani. Akafungua mfuko. Sikuhitaji kulitandaza lote. Nilivuta pembe ya kushoto chini, nikahesabu petali. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Ulipata wapi hii?" nilimuuliza.

"Bwana yangu alininunulia, hapa Lubumbashi, mu duka mukubwa." Alikuwa anatabasamu. "Mimi nataka mifuko ya mito ya kufanana nayo. Nilisafiri siku tatu. Nilisema nitatafuta mpaka nimuone ule mwenye mikono hii."

"Bwana yako anaitwa nani?"

Akataja jina lako. Akaongeza, bila kuulizwa, "Muntu murefu. Anachekaka na pua."

Nikamwonyesha picha yetu ukutani, ile ya ubatizo. Aliisogelea. Kisha akageuka akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema kwa sauti ya mtu anayekohoa, "Lakini alinambia bibi yake alishakufa. Alisema alikufa na homa. Alisema alilia mwaka muzima." Akanigusa mkono, hapa juu ya kiwiko. "Kumbe uko muzima!"

Kumbe mimi ni marehemu. Na kumbe ulinililia mwaka mzima, wewe ambaye siku nilipougua typhoid ulilalamika kwamba chai haina sukari.

Sijui wanawake wengine wangefanya nini. Majirani walishasimama ukutani wakingoja nywele zivutwe. Sisi tulikaa chini kwenye mkeka. Halafu Mwape, hilo ndilo jina lake na walimwengu walijue, akalivuta shuka kwenye mapaja yake, akaligeuza upande wa nyuma, akafuata uzi kwa ukucha.

"Sasa hapa," aliniuliza, "uzi unapitaka wapi? Sioni fundo."

Katika miaka kumi na sita ya ndoa hakuna siku uliyowahi kugeuza kazi yangu upande wa nyuma.

Nikamwonyesha. Nikachukua sindano na kitambaa, nikamshonea petali moja polepole. Tulikuwa hivyo, vichwa vimegusana, wakati pikipiki yako iliposimama langoni. Ulifungua lango, ukatuona. Ulimtazama Mwape, ukanitazama mimi, ukalitazama shuka. Nilingoja. Nilitaka sana, nakuapia, nilitaka useme kitu, hata uongo, hata tusi, uwe mwanamume mbele ya wanawake wawili uliowadanganya.

"Nilisahau kintu ku garaji," ulisema.

Ukarudisha lango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Ni miaka sita sasa unakitafuta hicho kitu.

Mwape alianza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali kwenye mkeka, machozi yanaingia masikioni, na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko tukajikuta tunalia kweli, kila mmoja na chake. Mireille aliporudi kutoka shule alitukuta hivyo. Tulimwambia ukweli wote. Alikuwa na miaka kumi na mitano, alistahili.

Mwape alikaa kwangu siku tisa akingoja lori la kurudi. Siku ya pili alinisindikiza kwa Mama Ilunga. Nilimwomba aje na shuka, kwa sababu nilijua neno langu peke yake halina thamani kwenye mlango ule. Nilipiga magoti. Nilimwambia nani alilichukua, lilikwenda wapi, nimelijuaje. Mama Ilunga alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Hakutukaribisha kuketi.

"Miye nilikuwa nayua siko mwizi," alinijibu. "Weye njo ulikuwa hauyue."

Akaingia ndani. Nyumba zile mbili nilizunguka nikawaeleza mwenyewe, mlango kwa mlango, nikitaja jina lako na langu. Moja ilimrudisha kazini. Mama Ilunga ananisalimia kanisani, kwa kichwa tu, na sidai zaidi ya hapo.

Siku zilizobaki ndizo unazopaswa kuzisikia, wewe uliyenifundisha kuingiza uzi. Baba yake Mwape alikuwa anafuma nyavu kule Kilwa, hakuwa na mtoto wa kiume, akamfundisha binti. Mwape alitembea na sindano yake ya nyavu, kipande cha mti chembamba kilichochongwa, uzi umezungushiwa ndani yake. Alinifumia wavu wa uzi wa pamba badala ya nailoni, na akapunguza macho ya wavu mpaka kila moja likawa dogo kama punje ya mahindi. Aliutandaza juu ya goti langu ili nicheke. Sikucheka. Nilikwenda kulileta daftari la hesabu, nikaliweka kando ya wavu. Miraba na miraba. Kila jicho la wavu lilikuwa mraba wa daftari langu, limetoka kwenye karatasi, linashikika. Nilichukua sindano, nikaanza kujaza macho, hili nalijaza, hili naliacha, hili nalijaza, na kabla ya chakula cha mchana kulikuwa na ua la jacaranda limening'inia hewani, halina kitambaa nyuma yake.

"Aba!" Mwape alisema. "Samaki huyu sijamuona bado."

Tangu siku hiyo tunafanya kazi pamoja. Yeye anafuma Kilwa, malori yananiletea, mimi natia maua hapa. Tulianza na mapazia. Halafu chandarua cha kitanda cha mtoto, wazo lake, chenye nyota kuzunguka ukingo. Halafu kitambaa cha altare. Kuna mama mmoja wa mtaa wa Karavia aliyetaka kifuniko cha piano, na nikamuuliza kwa heshima kama kuna mtu anayeipiga. Akasema hapana, ndiyo maana anataka ifunikwe. Nikitembea sasa macho yangu yanakata kila kitu kuwa miraba: mfuniko wa mtaro, ngazi, mgongo wa mama aliyebeba beseni la mchicha. Sikosi tena cha kushona, nakosa siku za kukishona.

Na shela la Mireille. Mwape alilifuma miezi minne, macho madogo kuliko yote aliyowahi kufanya. Mimi nililijaza miezi mitano. Ulipokuwa unashika mikrofoni, mwanamke aliyefuma wavu ule alikuwa amekaa nyuma yako, hatua tatu. Hukugeuka. Ulijua alipo, ndiyo maana hukugeuka.

Nilimuuliza Mireille kabla ya harusi kama ana hakika anataka uje. "Iko baba yangu, mama," alinijibu. "Akuje akae sawa na bantu bote." Mtoto ana moyo mpana, sijui ameutoa wapi. Ulikuja, ukapewa kiti, ukala, ukanywa, na ungenyamaza ningekuheshimu kidogo kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali. Lakini ulimwona mtu mwingine anapigiwa makofi, ukashindwa kukaa.

Nilidhani nina hasira na wewe. Nimekaa na barua hii siku tatu nikiitafuta hasira, haipo. Hasira inamtaka mtu awe mkubwa. Nilichonacho ni kile ninachokisikia nikikuta uzi mbovu kwenye donge jipya, uzi unaokatika kabla hujauvuta: naukata, nautupa, naendelea. Sitaki uniombe msamaha. Sitaki unitumie kaka yako kusema umenisamehe, kama ulivyofanya wiki moja kabla ya harusi. Nataka tu jina langu liondoke mdomoni mwako, usilitaje tena.

Nimekaribia kumaliza, na nilikuwa nimeshaweka kalamu chini, mara amefika msichana mmoja wa mtaa huu, ameolewa mwaka huu. Alisimama langoni muda mrefu kabla ya kubisha. Amesikia kwamba Jumamosi nafundisha kwenye ua wa Mama Georgette, na anataka kujua aanze na kitu gani. Alikuwa na kazi aliyojaribu peke yake, ameificha chini ya kikwembe, kiunoni. Alipoitoa akasema haraka haraka, kabla sijafungua mdomo, "Najua iko mubaya, mama. Bwana yangu alishanambia. Alicheka mpaka akaita bandugu yake."

Niliichukua. Nikaileta kwenye mwanga. Niliitazama mbele, nikaigeuza nyuma, nikafuata uzi wake mpaka ulipoanzia. Ilichukua muda.

Ilikuwa mbaya kweli, Baba Mireille. Mishono imelegea upande mmoja, upande mwingine imekaza mpaka kitambaa kimejikunja, na ua nililidhani kuku.

"Iko mubaya," nilimwambia. "Unavuta sana ukifika ku mwisho, unaogopa itafumuka. Ona hapa, na hapa. Lakini hapa kati, mishono hii saba, ni ya muntu anayejua kushona. Kaa. Tutaanzia hapa."

Akakaa. Sasa yuko mbele yangu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, anafumua. Ninaacha kukuandikia, maana atanihitaji akifika kwenye fundo.

Uende salama huko uendako.

Mama wa Mireille